Vazi la Kaizari

Mwalimu Julius K. Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliifasiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar mwaka 1963. Toleo la 1969 likaitwa Juliasi Kaizari. Filamu ya mwaka 1953, ambamo Marlon Brando ndiye Antony, yamkumbusha mfasiri swali moja: vazi la marehemu liitweje?

Antony awaonyesha watu vazi lililotoboka, akitaja kila tundu na mwenye jambia lake. Lakini wakati wa mauaji yeye hakuwapo. Alikwisha kuvutwa kando. Kwa hiyo vazi halina ulimi. Msemaji ndiye aliyelitia. Tena aanza kwa kutaja jioni lilipovaliwa mara ya kwanza, siku ya ushindi vitani. Hapo ndipo watu wamwona Kaizari ndani yake.

Wengine wangechagua "joho". Pwani neno hilo lina heshima ya wakubwa na ya bwana arusi. Lakini msomaji wa Musoma leo atawaza mahafali. Naona "vazi" latosha, maana cheo Antony amekwisha kukitia mwenyewe. Na mshoni wa filamu ajue: nguo haimwelezi mtu mpaka tujue aliivaa lini.