Santuri na Neno: Maoni ya Msikilizaji wa Babati

Makusudi ya makala haya ni kupima santuri chache zilizosifiwa, za muziki wa namna mbalimbali, kwa kipimo ambacho hakitumiwi sana, yaani jinsi kila moja ilivyolitendea neno. Mhakiki wa muziki hutazama sauti ya mwimbaji, ustadi wa vyombo na mwendo wa ngoma. Mhakiki wa ushairi hutazama vina na mizani kama vilivyoandikwa katika karatasi. Baina ya wawili hawa neno lililoimbwa limekuwa kama mtoto wa nyumba mbili: kila mama adhani amekula kwa mwenziwe, naye hulala na njaa.

Mahali pa msikilizaji si jambo dogo katika hukumu ya namna hii, kwa hiyo sharti nipataje pangu. Babati ni mji ulio chini ya mlima Kwaraa, kando ya ziwa lenye viboko, mahali ambapo barabara itokayo Arusha hugawanyika, moja ikaenda Singida na nyingine Kondoa mpaka Dodoma. Tangu mwaka 2002 ndio makao makuu ya Mkoa wa Manyara. Sokoni husikika Kigorowa na Kiiraqw, ambazo ni lugha za jamii ya Kikushi. Kibarabaig, ambacho ni cha jamii ya Kiniloti. Na Kirangi na Kimbugwe, ambazo ni za Kibantu. Kwa watu wengi wa rika langu hapa, Kiswahili kilikuwa lugha ya pili. Mimi nalilelewa katika Kigorowa. Shule ilinifundisha Kiswahili cha kuagiza na kujibu. Santuri na redio zilinifundisha Kiswahili cha kubembeleza, kulalamika na kufanya mzaha. Basi napima santuri hizi kama mwanafunzi apimavyo walimu wake, si kama mwenyeji apimavyo wageni.

Nianze na Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba katika Unguja, ambaye mwaka 1928 alisafiri na wenziwe mpaka Bombay kuimba mbele ya mitambo ya kampuni ya His Master's Voice. Wasomaji wanamjua kwa kalamu ya Shaaban Robert, aliyemwandikia Wasifu uliotoka mwaka 1958. Santuri za siku zile, zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zilichukua kiasi cha dakika 3 tu kwa kila upande. Waimbaji waliozoea kuwa na usiku mzima walipewa muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa. Nisikiapo sauti ile, kali na yenye nguvu kupita mikwaruzo yote ya wakati, naona kwamba irabu ya mwisho wa kipande huvutwa na kupambwa, na shina la neno hupitishwa upesi. Kwa hiyo sikio langu la bara lilishika kina kabla ya kushika maana. Tena maana yenyewe imefichwa katika mafumbo, na fumbo humfumbia mjinga. Mtu wa pwani husikia na kujua ni nani aliyepigwa. Mtu wa Babati husikia kishindo cha kofi asimwone aliyepigwa wala aliyepiga. Walakini sihesabu jambo hili kuwa kasoro. Santuri hizi zina heshima ya pekee: hazimwachi msikilizaji atosheke na alichokisikia, bali humwinua aende kumwuliza mtu mzima wa pwani. Mwalimu mwema si yule aelezaye kila kitu.

Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba ya Morogoro ni mwalimu wa namna nyingine kabisa. Nyimbo zake za miaka ya kati ya 1955 na 1965, mwaka aliokufa, zimekusanywa katika albamu iitwayo *Ngoma Iko Huku*, iliyotolewa mwaka 2000. Wengi wamesema kwamba bendi hizi ziliiga Kuba, na ni kweli kwamba santuri za Kikuba za mfululizo wa GV ziliuzwa sana Afrika tangu miaka ya 1930. Lakini kuiga hakuelezi kwa nini mwigo huu ulikaa vizuri namna hii. Mimi nina dhana yangu, nami naiweka mbele ya wataalamu waipime. Kihispania kina irabu tano kama Kiswahili, maneno yake mengi huishia kwa irabu, na mkazo wake aghalabu huangukia silabi iliyo kabla ya ile ya mwisho, kama ulivyo mkazo wetu. Wimbo uliotungwa kwa kipimo cha lugha ile ulikuwa nguo iliyokatwa kwa mwili unaofanana na wa Kiswahili. Katika *Ngoma Iko Huku* silabi iliyokazwa na pigo la ngoma hukutana kama marafiki njiani. Hakuna neno linalotenguliwa shingo ili liingie katika tuni. Kama ningeulizwa ni santuri gani ya kumpa mgeni anayejifunza matamshi, ningempa hii kabla ya vitabu vingi vya sarufi.

Mbaraka Mwinshehe, aliyezaliwa mwaka 1944, akapiga gitaa katika Morogoro Jazz na baadaye katika Super Volcano mpaka ajali ya gari ilipomwua Mombasa Januari 1979, alitoka mji ule ule wa muziki, lakini njia yake ni nyingine. Nyimbo nyingi za wakati wake zilitolewa katika santuri ndogo, wimbo mmoja ukagawanywa pande mbili: upande wa kwanza maneno, upande wa pili magitaa. Ukisikiliza *Shida*, au nyimbo zilizokusanywa katika mfululizo wa *Ukumbusho* baada ya kifo chake, utaona kwamba nyingi zimejengwa kama barua. Kuna anayeandika, kuna anayeandikiwa, kuna jambo lililotokea, na kuna ombi. Kiswahili chake ni chepesi, hakina mafumbo ya taarabu, na ndiyo sababu kilifika mbali. Hata hivyo wepesi huu una gharama. Nikizisikiliza kumi kwa mfululizo, masikitiko yao hufanana, na ni gitaa peke yake linalonionyesha tofauti kati ya huzuni hii na ile. Pale maneno yanapochoka, gitaa huyachukua, huyarudia kwa sauti yake, na kuyamalizia. Hapo nakiri kwamba kipimo changu hakitoshi peke yake. Kuna santuri ambazo neno lake la mwisho husemwa na nyuzi.

Remmy Ongala alizaliwa Kongo mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, kisha akaongoza Super Matimila. Albamu yake *Songs for the Poor Man*, iliyotolewa na kampuni ya Real World ya Uingereza mwaka 1989, inasikilizwa kwa urahisi na wageni wasiojua hata neno moja, na huenda hilo limewafanya baadhi yetu wasiipime kama kazi ya lugha. Nadhani tumemdhulumu. Remmy si fundi wa vina. Mara nyingi huacha kuimba akasema, na kusema kwake ni kama kwa mtu asimamaye kilioni akatoa maneno yaliyokuwa rohoni mwa waliokaa. Wimbo uitwao *Kifo* ndio mfano mwema. Kiswahili chake ni cha mtu aliyekikuta njiani akakifanya nyumba, na kwa sababu hiyo hukitumia bila hofu ya mwenye nyumba. Msikilizaji wa Babati hujiona ndani yake. Hapa ndipo nilipofahamu kwamba lugha ya pili yaweza kubeba msiba wa kwanza.

Yafaa sasa tujaribu kipimo hiki kwa santuri ambazo maneno yake hatuyajui, au ambazo hazina maneno. *Mario* ya Franco, ya mwaka 1985, imechezwa sana Afrika ya Mashariki na watu wasiojua Kilingala. Tuliambiwa kwamba ni habari ya kijana anayelishwa na mwanamke aliyemzidi umri, na kwa fununu hiyo moja tukasikiliza wimbo mzima, tukicheka pale tulipodhani pana kichekesho. Basi nikafikiri: hivi ndivyo mama zetu wengi walivyosikiliza Kiswahili redioni walipokuwa wangali wageni katika lugha hiyo, wakishika jina la mtu hapa na neno la mapenzi pale. Kwa upande mwingine iko *Kind of Blue* ya Mmarekani Miles Davis, iliyorekodiwa mwaka 1959, ambayo haina neno hata moja. Tarumbeta yake hunena kidogo na kunyamaza sana. Nalipenda mara moja, nami nadhani nalipenda kwa sababu haikunidai lugha. Lakini pendo hilo si sawa na lile la *Shida*. Miles Davis hunituliza. Mbaraka hunitia katika shauri la watu. Santuri isiyo na neno humwacha msikilizaji huru, na uhuru huo una upweke ndani yake.

Hapa twafika kwa Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003. Katika albamu ya *Chibite*, aliyoitoa pamoja na Charles Zawose kwa kampuni ile ile ya Real World mwaka 1996, twasikia zeze na ilimba ya Kigogo, na sauti inayopanda juu kabisa kisha ikashuka kifuani. Ugogo uko mbele kidogo tu kwenye barabara yetu ya kusini. Kigogo sikijui, lakini santuri hii ilinishtua kuliko zote nilizozitaja, kwa sababu ilithibitisha jambo ambalo sikulidhani: kwamba lugha ya nyumbani yaweza kukaa katika santuri bila kuomba radhi, na dunia ikanyamaza kusikiliza. Miaka michache baadaye vijana wa Arusha, kundi la X Plastaz, walitoa *Maasai Hip Hop* mwaka 2004, ambamo uimbaji wa Kimaasai hukutana na Kiswahili cha mtaani. Sikupenda nyimbo zake zote. Mahali pengine Kimaasai kimewekwa kama pambo ukutani. Lakini mahali ambapo sauti ya Kimaasai yaongoza na maneno ya vijana yaifuata, santuri hii yafanya kazi ambayo sarufi haiwezi kuifanya.

Msomaji atakuwa amekwisha kuona upungufu ulioko. Katika santuri zote hizi hakuna hata moja ya Kigorowa, wala Kiiraqw, wala Kibarabaig. Wako wasemao kwamba nyimbo za Kiswahili ndizo zilizozisukuma lugha hizi pembeni. Sikubaliani nao. Salum Abdallah hakumnyang'anya mtu ulimi. Alitoa zawadi, nasi tuliipokea kwa furaha. Kosa ni kupokea bila kuweka chetu kando yake. Wagorowa na Wairaqw wana slufo, dua ya kishairi ambayo mzee huitamka mbele ya watu nao huiitikia. Herufi hizo mbili za mwanzo husimamia sauti ambayo Kiswahili hakina, na hilo peke yake lingetosha kuwavuta wataalamu. Wametokea waliovutwa: Maarten Mous alitoa sarufi ya Kiiraqw mwaka 1993, na Andrew Harvey amekusanya rekodi nyingi za Kigorowa zilizowekwa katika hifadhi ya lugha iitwayo ELAR. Kazi zao zastahili shukrani kubwa. Lakini hifadhi hufunguliwa na mtafiti anayetafuta jambo. Santuri huingia nyumbani kwa mtu asiyetafuta lolote, ikamkuta akimenya viazi, na kesho yake akaimba.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Santuri hudumu pale inapolifikisha neno zima kwa mtu ambaye halikutungiwa yeye. Siti alilifikisha kwa kuulizwa, Salum Abdallah kwa matamshi safi, Mbaraka kwa barua na nyuzi, Remmy kwa kilio, Zawose kwa kutokubali kufasiri. Taasisi zetu za Kiswahili zina wajibu wa kuchunguza njia hizi kama zinavyochunguza tenzi, kwa kuwa ndizo zilizoipeleka lugha hii bara kwa hiari ya watu. Tena zina deni kwa majirani wa Kiswahili. Wazee wajuao slufo kwa ukamilifu wanapungua, na ustadi wa kurekodi vizuri uko mikononi mwetu. Rekodi moja iliyo njema, yenye sauti safi na waitikiaji wake, iuzwe katika soko la Babati na kuchezwa ndani ya mabasi yaendayo Arusha. Wajukuu wataisikia kwanza kama nilivyomsikia Siti, wakishika kina kabla ya maana. Kisha watakwenda kumwuliza mzee. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba wakati huo yuko mzee wa kuulizwa.