Sinema: Hadithi Iko Wapi?

Vijana wengi wa Murara hupenda filamu za ngumi na bunduki, na watu wazima huwakaripia. Kwangu ubaya wa filamu hizo si bunduki tu. Ukiisha kuona moja, umeona zote: mwema apigwa, akimbia, arudi, alipiza kisasi. Mtungaji hakujiuliza neno, basi mtazamaji naye hajiulizi.

Tusidhani kuiga ni ugonjwa wa leo. Katika miaka ya 1950 Padri Albert Van Haelst, mmisionari wa Scheut, alitengeneza filamu za Matamata na Pilipili huko Luluabourg, mji uitwao leo Kananga. Watu walicheka sana, na kuchekesha watu ni kazi ngumu. Lakini wale wawili, mnene na mwembamba, waliigwa kwa Laurel na Hardy wa Marekani. Sura zilikuwa za Kasai, mwendo ulikuwa wa Hollywood.

Sasa tazameni En route pour le milliard, filamu ya Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani, iliyochaguliwa kwa Cannes mwaka 2020. Mwezi wa Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya Kisangani. Filamu yawafuata walemavu wa vita hivyo, wengine kwa magongo, wengine kwa miguu ya bandia. Wanashuka mto Kongo mpaka Kinshasa kudai fidia yao. Mvua inawanyea chini ya turubai, wanagombana, wanaimba.

Mtasema: hayo ni mambo ya kweli, si hadithi ya kutungwa. Ni haki. Lakini Hamadi ameyapanga. Katikati ya safari anaweka mchezo wa jukwaani, na wachezaji ni walemavu wenyewe. Hapo huwahurumii tena; wao wanakuhukumu wewe uliyekaa unatazama. Mambo ya namna hiyo hayaigwi kwa mtu.

Kwetu Goma kamera zipo, na Yole!Africa imefundisha vijana kuzishika. Kinachopungua ni siku nyingi za kukaa na karatasi. Wageni wakija kupiga picha hutafuta vita na volkano. Lakini yuko mwenye chukudu anayeteremka na viazi toka Kibumba, akifunga breki kwa kukanyaga kipande cha mpira, na deni la chukudu hajalimaliza. Nani anamngoja sokoni Virunga? Mtungaji aanzie hapo.