Nguvu Huishia Wapi? Uchambuzi wa Kisu cha Kukunja kwa Kazi Ngumu

Kisu cha kukunja kina udhaifu ambao hakuna fundi aliyefanikiwa kuuondoa kabisa: kimegawanywa mahali ambapo kisu cha kawaida kina nguvu zaidi. Kisu kisichokunjwa kina shina la chuma linalopenya hadi ndani ya mpini. Cha kukunja kina tundu na pini. Hata hivyo, mtu anayetafuta kisu cha kwenda nacho porini, mlimani au kwenye mashua huanza kwa kuuliza ubapa ni wa chuma gani na una urefu gani. Ni maswali mazuri, ila si ya kwanza. Ubapa ukikatika umepoteza kisu; maungio yakiachia unaweza kupoteza kidole. Uchaguzi uanze kwenye maungio, na njia bora ya kuyaelewa ni kufuatilia jinsi mafundi walivyoirekebisha loki moja mashuhuri, ile ya mgongoni.

Hesabu ya wenzo

Chukua kisu chenye ubapa wa sentimita 10. Umechoma ncha kwenye gogo, imenasa, nawe unajaribu kuichomoa kwa kuitikisa. Katika kutikisa huko gogo linausukuma mgongo wa ubapa kuelekea upande wa kujifunga. Tuseme msukumo ni wa kilo 10, na unaangukia sentimita 8 kutoka kwenye pini ya bawaba. Loki haiushiki ubapa mbali na pini hiyo. Kwa kawaida huushika kwa umbali usiofika sentimita moja. Ukiwa ni milimita 8, kanuni ya wenzo inaiambia loki ibebe mara kumi ya mzigo ule, yaani kilo 100, juu ya uso wa chuma mdogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho.

Kukata kwa kawaida hakuleti hatari hiyo. Unapokata, makali ndiyo yanayosukumwa, na ubapa hulazimishwa uzidi kufunguka, mpaka uzuiwe na kituo chake. Hatari iko kwenye kuchoma, kuchomoa, kupindisha na kupiga mgongo wa kisu. Anayekata kamba na kumenya matunda peke yake hahitaji loki ya ajabu. Anayetegemea kisu mvuani, mikono ikiwa na matope na kazi ikiwa haiwezi kusubiri, anaihitaji.

Kazi ya Buck

Mwaka 1964 kampuni ya Buck, wakati huo ikiwa California, ilitoa Folding Hunter, maarufu kwa namba yake, 110. Ubapa wake una takriban sentimita 9.5, kisu kizima kina uzito wa takriban gramu 200, na mpini wa mbao umefungwa vichwa vya shaba huku na huku. Mwindaji aliyezoea kubeba kisu kirefu chenye ala alipata kifupi kinachomudu kuchuna mnyama bila kujifunga mkononi.

Loki ya mgongoni haikubuniwa na Buck. Visu vya Ulaya vilikuwa nayo zamani. Sifa ya Al Buck, kiongozi wa kampuni hiyo, na mafundi wake ni kuitengeneza kwa usahihi, kwa chuma cha kutosha, na kwa wingi. Wenzo wa chuma umelazwa kwenye mgongo wa mpini na kushikwa na pini katikati. Springi inausukuma mkia wa wenzo juu ili sehemu ya mbele ishuke. Ubapa ukifika mwisho wa kufunguka, jino la wenzo hutumbukia kwenye pengo lililochongwa kwenye shina la ubapa. Ukitaka kufunga, unabonyeza mkia.

Sasa fuata nguvu. Ubapa ukisukumwa ujifunge, shina lake linalivuta jino mbele; jino linauvuta wenzo, na wenzo unaivuta pini yake. Ubapa ukisukumwa uzidi kufunguka, mzigo unarudi kwenye wenzo huo huo kwa upande wa pili. Njia zote mbili zinaishia kwenye pini nyembamba, na tundu la pini hiyo lazima liachwe na nafasi kidogo, la sivyo wenzo hautageuka. Nafasi hiyo ndiyo inayokufanya usikie ubapa ukicheza juu na chini hata kama kisu ni kipya. Kadiri kazi inavyoendelea, tundu hupanuka, jino hulika, na ubapa huzidi kulegea.

Marekebisho ya Demko

Suluhisho la Andrew Demko, fundi wa visu wa Marekani, lilianza kuonekana kwenye visu vya Cold Steel mwishoni mwa muongo wa 2000, kwa jina la Tri-Ad. Kwa nje ni loki ile ile ya mgongoni. Ndani kuna mabadiliko mawili.

La kwanza ni pini ya ziada, nene, iliyosimama kati ya shina la ubapa na wenzo. Hiki ni kizuizi. Ubapa ukisukumwa uzidi kufunguka, shina linagonga kizuizi, na mzigo unaingia moja kwa moja kwenye kuta za mpini bila kuupitia wenzo. Ukisukumwa ujifunge, shina linalivuta jino mbele kama kawaida, lakini jino haliendi mbali: linaegemea kizuizi hicho hicho kwa upande wake wa pili. Jino linabanwa kati ya vyuma viwili vilivyo imara, badala ya kuning'inia kwenye pini yake.

La pili ni dogo kwa macho, nalo ndilo linalolikamilisha la kwanza. Tundu la pini ya wenzo halikutobolewa duara. Limerefushwa kidogo kwa kufuata urefu wa mpini. Kwa hiyo wenzo una ruhusa ya kusogea mbele mpaka ukikute kizuizi. Tundu lingekuwa duara kamili, pini ya wenzo ingeudaka mzigo kabla haujafika kwenye kizuizi, na pini nene isingekuwa na kazi upande huo. Zaidi ya hapo, nyuso za jino na pengo zimechongwa kwa mshazari. Zinapolika, jino hushuka ndani zaidi na wenzo husogea, na ule ulegevu uliokuwa ukiongezeka kwenye loki ya zamani unajizibia.

Ninauheshimu sana ufundi huu, kwa sababu haukutegemea madini mapya wala springi kali zaidi. Demko aliuliza mzigo unaishia wapi, akaona unaishia kwenye pini dhaifu, akauhamisha. Cold Steel ilizoea kuonyesha nguvu ya visu vyake kwa video za mizigo mizito iliyoning'inizwa kwenye mipini. Video ya muuzaji si ushahidi wa kutosha, ila mantiki ya pini mbili na tundu refu unaweza kuikagua mwenyewe.

Gharama ipo. Loki hii ni ngumu kuifungua, na mwenye mikono midogo au iliyokufa ganzi kwa baridi atasumbuka. Pia haikuondoa kasoro ya asili ya loki za mgongoni: pengo likijaa matope au mchanga, jino halishuki lote, na loki isiyoshuka yote haiaminiki. Baada ya kazi ya udongo, safisha pengo kwa kijiti kabla ya kufungua tena.

Njia nyingine za kuufunga ubapa

Opinel ya Ufaransa, iliyoanza mwaka 1890 huko Savoie, ilipata pete yake ya kuzungusha, Virobloc, mwaka 1955. Ukiizungusha pete, ufa wake unahama na ubapa hauna pa kupita. Namba 8 ina ubapa wa sentimita 8.5 na uzito unaokaribia gramu 45 tu. Kasoro yake ni mpini wa mbao: ukilowa huvimba, na ubapa hung'ang'ania ndani.

Okapi ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika, na baadaye kazi hiyo ikahamia Afrika Kusini. Loki yake ni springi ya mgongoni inayoinuliwa kwa pete. Ni kisu cha bei ya mwananchi na cha kazi nyepesi. Usikidai zaidi ya hapo.

Loki ya bamba la ndani, iliyokuzwa na Michael Walker katika miaka ya 1980, hutumia bamba jembamba linalosimama nyuma ya shina. Ni nyepesi na hufungwa kwa mkono mmoja, lakini mpini ukipindishwa kwa nguvu, bamba linaweza kuteleza kutoka mahali pake. Chris Reeve, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia Idaho, aliligeuza wazo hilo kwenye kisu chake cha Sebenza: ukuta mzima wa mpini ukawa ndiyo loki, na mkono unaokaza mpini unaikaza loki pia. Kwa kazi ngumu, kati ya hizi mbili, ya Reeve ndiyo ya kuifikiria.

Chuma, baada ya loki

Kwenye chuma, ugumu na ustahimilivu huvutana. Chuma kigumu sana hushika makali muda mrefu, lakini humegeka kikigonga mfupa au kikipindishwa. Kwa kisu cha kukunja cha kazi nzito, ugumu wa kati ya 56 na 60 kwa kipimo cha Rockwell unatosha. Chuma cha S35VN, chenye vanadi ya takriban asilimia 3, hukaa na makali muda mrefu kuliko AUS-8, ila hunoleka vizuri zaidi kwa kinoo cha almasi. Mtu atakayenolea kwenye jiwe la kawaida mbali na mji atahudumiwa vizuri zaidi na AUS-8, 420HC au 12C27. Kwa mvuvi na baharia, kutu ni adui mkubwa kuliko ubutu: H1, chuma chenye naitrojeni ambacho Spyderco ilikitumia kwenye visu vyake vya majini, karibu hakishiki kutu kabisa hata kwenye maji ya chumvi.

Unene wa milimita 3 hadi 4 unafaa. Ubapa mnene zaidi unakupa picha ya nguvu na kukunyima ukataji, huku maungio yakibaki vile vile. Chagua pia ncha isiyochongwa nyembamba kama sindano.

Dukani

Fungua kisu taratibu na usikilize jino likitumbukia. Sauti iwe moja, kavu. Shika mpini kwa mkono mmoja na ubapa kwa mwingine, ujaribu kuutikisa juu na chini, kisha ubavuni. Kucheza kidogo ubavuni hurekebishwa kwa kukaza skrubu ya bawaba. Kucheza juu na chini ni tabia ya loki na hakurekebishwi hivyo. Gonga mgongo wa ubapa kwa wepesi juu ya mbao, vidole vikiwa nje ya njia ya makali. Loki ikiachia, rudisha kisu. Angalia ndani ya mpini: unataka kuona kuta za chuma pande zote mbili, au ganda nene la G10, yaani plastiki ngumu ya nyuzi za kioo, lenye pini zilizokaa imara. Kisha jaribu kukifungua na kukifunga kwa mkono uliolowa.

Hukumu

Vitabu na maonyesho ya Marekani hupenda kupima kisu kwa kukigongea kwenye kuni ili kuzipasua. Kwetu kazi hiyo ina mwenyewe, nayo ni panga. Kama umebeba panga, kisu cha kukunja kinabaki na kazi za mkono: kukata kamba, kuchonga, kuchuna, kuandaa chakula, kutoboa ngozi au turubai. Na kama safari inakuruhusu kubeba kisu chenye ala, beba hicho. Hata cha bei nafuu, kama vile Mora ya Sweden, hakina bawaba ya kuachia.

Unapolazimika kubeba kimoja tu, na lazima kiingie mfukoni, ningenunua kwa utaratibu huu: loki inayopeleka mzigo kwenye kuta za mpini, mpini usioteleza, chuma unachoweza kukinoa ulipo, na jina la kampuni mwisho kabisa. Fedha ikiwa haba, ipunguze kwenye chuma wala usiipunguze kwenye loki, kwa maana makali yaliyopotea leo hurudishwa na kinoo jioni hiyo hiyo.