Mashua ya Mishororo Minane

8, 24, 56, 120, 8, 255, 126, 60.

Hiyo ni picha ya mashua yenye tanga. Niliichora hapa Nyakato, Musoma, kwa ajili ya kioo kidogo cha mizani ya kupimia samaki mwaloni. Chipu iliyomo kwenye kifaa kama hicho haina folda ya kufungulia picha. Kila kitakachoonekana sharti kiandikwe ndani ya programu yenyewe, namba baada ya namba, kabla programu haijapakiwa. Muundo uitwao XBM, uliotoka kwenye X Window System, umelifanya jambo hili wazi kabisa, maana faili lake la picha ni maandishi ya lugha ya C. Picha imeandikwa, basi na isomwe kama maandishi.

Kila namba ni baiti moja, safu ya vitone vinane, vinavyowaka au vilivyozima. Mshororo wa utenzi nao kwa kawaida una mizani nane. Ni hesabu ileile aliyoifuata Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alipozitia Injili katika utenzi. Na kwa kuwa ubeti wa utenzi ni mishororo minne, mashua yangu ni beti mbili.

Ubeti wa kwanza ni tanga. 8 ni kitone kimoja, ncha ya mlingoti. Kisha 24, 56, 120: kila namba ni iliyoitangulia mara mbili na nane juu yake, kwa sababu kila safu inaongeza kitone kimoja upande wa kulia. Tanga linajaa upepo kwa hesabu. Ubeti wa pili unafunguka kwa 8 tena, mlingoti mtupu, na huu ndio mshororo ninaoupenda kuliko yote. Uondoe, tanga litagandamana na ubao, nawe utaona kichuguu. Kitone kimoja na nafasi saba tupu ndivyo vinavyoifanya mashua iwe mashua. Baada yake inakuja 255, vitone vyote vinane vinawaka, ukingo wa chombo kutoka tezi hadi omo. Halafu 126 na 60 zinabana kuelekea mkukuni.

Mwanzo nilitaka njia ya mkato. Nilipiga picha ya mtumbwi kwa simu, nikaipunguza kwa programu hadi vitone vinane kwa vinane. Likatoka doa. Kupunguza si kutunga. Ni sawa na kukata maneno katikati ili mizani itimie. Nayo picha kamili ya rangi, vitone 240 kwa 320, baiti mbili kila kitone, inadai baiti 153,600, wakati chipu ya bodi ya Arduino Uno R3 ina hifadhi ya programu ya kilobaiti 32 tu. Sauti nayo ni mlafi: sekunde moja ya sauti hafifu, sampuli 8,000 za baiti mojamoja, inakula nafasi ya mashua elfu moja kama yangu.

Muundo wa XBM una ukali wake pia. Picha ya upana wa vitone 16 hukaa vizuri, baiti mbili kila safu, kama ukwapi na utao wa shairi. Ongeza kitone kimoja tu, cha 17, na kila safu itadai baiti ya tatu, nafasi zake saba zikiwa hazina kazi. Mchoraji anayejali hutafuta pa kukipunguza kitone hicho kabla hajaanza kupaka.

Liko pia suala la upande wa kusomea. Tenzi za kale ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto. XBM nayo huweka kitone cha kushoto kabisa kwenye biti ndogo kuliko zote, ile ambayo sisi tukiandika namba kwa sifuri na moja tunaiweka kulia. Siku ya kwanza niliita amri inayosoma kwa mwelekeo mwingine. Chombo hakikubadilika, kwani 255, 126 na 60 ni zilezile ukizisoma kutoka upande wowote. Tanga peke yake liligeuka, na mashua ikaonekana inarudi ilikotoka. Nikabadilisha amri. Tanga likarudi upande wake, na katika namba nane hakuna hata moja niliyoigusa.