Kiangazi cha Kwenye Simu

Aprili, mvua ya gu' ikiwa imeshika, nilimpiga ayeeyo picha nje kidogo ya Masalani. Nyuma yake vichaka vilikuwa kijani kibichi na mbuzi wamenona. Usiku nikaifungua kwenye Snapseed: joto la rangi juu, kijani chini, vivuli vikakolezwa. Ikatoka noma sana. Kesho yake mteja akainunua.

Nilipomwonyesha ayeeyo, aliikazia macho, kisha akauliza: "Mwanangu, mbona umerudisha jilaal?"

Jilaal ni ule msimu mkavu wa Januari hadi Machi. Kwa vidole viwili nilikuwa nimefuta mvua.

Tuseme ukweli, mtindo huu haukuanza na sisi. Filamu ya Traffic ya mwaka 2000 iliipaka Mexico manjano huku Marekani ikipata rangi nyingine. Extraction ya 2020 ikafanya vivyo hivyo na Dhaka. Manjano yamekuwa njia ya mkato ya kusema: hapa ni mbali, hapa ni joto, hapa kuna shida. Sisi tukaipakua na kujipaka wenyewe.

Sisemi kuhariri ni kosa. Jua la saa saba Ijara ni kali. Kamera ya simu hulipima jua na kuuacha uso ulio chini ya mtandio ukiwa giza tupu. Ukiinua vivuli, unamrudisha mtu uliyemwona kwa macho yako. Hiyo ni haki yake. Lakini kubadilisha msimu ni jambo lingine kabisa.

Na kuna gharama. Desemba 2021, Ed Ram alipiga kutoka angani picha ya twiga sita waliokufa ndani ya hifadhi ya Sabuli, Wajir. Picha ile ilitisha kwa sababu ya kilichokuwa ardhini. Sasa kama kila picha yetu, hata ya wiki ya mvua, inafanana na ukame, ukame wenyewe ukija tutauonyesha kwa rangi gani? Mtazamaji atasema huko ndiko kulivyo siku zote, apitishe kidole, aendelee.

Nimeihariri upya ile picha. Uso nimeuangaza, kijani nimekiacha kilivyo. Ayeeyo amesema sasa ni yeye.

Ile ya kwanza bado iko kwa mteja. Nilishalipwa, na pesa nilishakula.