KOI-8: Jedwali Lililojiandaa kwa Ajali

Chukua salamu ya Kirusi, Привет, uipitishe kwenye mtambo wa zamani wa barua pepe usiotambua herufi za Kikirili. Upande wa pili itafika hivi: pRIWET. Imechubuka, lakini Mrusi anayejua herufi za Kilatini ataisoma bila taabu. Haikutokea kwa bahati. Waliolichora jedwali la herufi katika Umoja wa Kisovieti waliyapanga haya mapema, na kwangu mimi hii ni moja ya kazi nzuri kabisa katika historia ya kompyuta.

Kompyuta haihifadhi herufi, huhifadhi namba. Jedwali ndilo linalosema namba fulani ni herufi gani. ASCII, jedwali la Wamarekani, lilikuwa la biti 7, yaani nafasi 128, na zote zilikwisha kwa Kilatini, tarakimu na alama. Kikirili kikapanda ghorofani, kwenye nafasi 128 zinazofunguka ukiongeza biti ya 8. Lakini mitambo mingi ya njiani ilijengwa kwa biti 7 tu, na hiyo ya 8 ilikatwa kimyakimya.

Basi KOI-8, iliyowekwa katika kiwango cha GOST 19768 cha mwaka 1974, haikufuata mpangilio wa alfabeti ya Kirusi. Kila herufi ilikaa nafasi 128 juu ya mwenzake wa Kilatini anayekaribiana naye kwa sauti. Herufi ndogo р ni 210. Biti ya 8 ikikatwa, 128 zinaondoka, inabaki 82, na 82 ni R kubwa. Herufi kubwa П ni 240. Inabaki 112, p ndogo. Kupinduka huko kwa kubwa na ndogo kulikuwa na faida yake: msomaji aliona mara moja kwamba maandishi yamekatwa biti. Zisizo na mwenza zilibanwa penye nafasi, kwa hiyo борщ, ile supu ya viazisukari vyekundu, hufika ikiwa BOR].

Gharama ilikuwepo. Ukipanga majina kwa namba za KOI-8, baada ya а na б inakuja ц, kwa sababu tu C hufuata B. Windows-1251 ya Microsoft ilirudisha mfuatano wa Kirusi, isipokuwa ё iliyowekwa kando. Andrey Chernov alipoiandikia KOI8-R, toleo la KOI-8, waraka wa intaneti, RFC 1489, mwaka 1993, majedwali hayo yalikuwa yanagongana. Привет iliyoandikwa kwa KOI8-R na kufunguliwa kwa Windows-1251 huwa рТЙЧЕФ: Kikirili kitupu, maana hakuna. Warusi waliyapa maandishi ya namna hiyo jina, krakozyabry.

Ugomvi huo ulimalizwa na Unicode, iliyokipa Kikirili nafasi kuanzia 1024, pamoja na UTF-8, mfumo ambao Ken Thompson na Rob Pike waliubuni mwaka 1992. Humo kila herufi ya Kirusi huchukua baiti mbili. Ya kwanza huanza na biti 110, ya pili na 10, hivyo baiti moja ikipotea njiani programu hujua herufi inayofuata inaanzia wapi. Nao pia waliifikiria ajali, ila ya aina nyingine.

Kwa matumizi ya leo UTF-8 inashinda, na sioni sababu ya mtu kuandika faili jipya kwa KOI-8. Lakini katika mtihani ule wa kwanza jedwali la 1974 halijapata mpinzani. Andika Привет kwa UTF-8, kata biti ya 8 kwenye kila baiti, na kinachobaki kuonekana ni PQP8P2P5Q.