Maziwa Yalikwenda Wapi? Nadharia na Utendaji wa Mapinduzi katika Shamba la Wanyama

Kila nisahihishapo insha kuhusu Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere (1967) ya riwaya ya George Orwell iliyotoka mwaka 1945, hukutana na jibu lile lile: mapinduzi yalikuwa mema, Napoleon akayaharibu, na laiti Snowball hangefukuzwa, mambo yangekuwa shwari. (Tunatumia majina ya Orwell.) Jibu hili hupata alama, mimi mwenyewe nimelituza mara nyingi. Hata hivyo, matini hailiungi mkono.

Turejelee Sura ya Pili. Amri Saba zinaandikwa ukutani, ya mwisho ikitangaza usawa wa wanyama wote. Siku iyo hiyo ng'ombe wanakamwa, wanyama wanaenda kuvuna nyasi, na wanaporejea jioni maziwa hayapo. Baadaye Squealer anaeleza kwamba nguruwe ndio wenye kazi ya ubongo, hivyo wanastahili maziwa na matofaa kwa faida ya wote. Hapa mtahiniwa asome polepole. Nguruwe wote waliafikiana, Snowball akiwemo!

Kinaya hiki hakikolei bila kuijua nadharia. Mwaka 1917 Lenin aliandika kwamba afisa yeyote wa dola ya wafanyakazi achaguliwe, aweze kuondolewa wakati wowote, na mshahara wake usizidi wa mfanyakazi wa kawaida. Machi 1921, mabaharia wa Kronstadt, waliokuwa nguzo ya mapinduzi yenyewe, walidai uchaguzi mpya wa mabaraza kwa kura ya siri, uhuru wa kusema kwa wafanyakazi na wakulima, na mgao sawa wa chakula. Walijibiwa kwa mizinga. Kamishna wa vita wakati huo alikuwa Trotsky, ambaye aghalabu hutajwa kuwa ndiye Snowball. Stalin naye, mwaka 1931, aliwahutubia wakuu wa viwanda akiushutumu usawa wa mishahara. Katika barua ya 1946 Orwell alieleza kwamba hadithi inageuka pale nguruwe wanapojitwalia maziwa na matofaa, akakihusisha kisa hicho na Kronstadt.

Mwalimu mwenzangu hunipinga: nchi ilikuwa imetoka vitani, njaa imetanda, maadui wamezunguka, usawa ungewezekanaje? Ni pingamizi zito, na Orwell halikwepi. Squealer anapotisha kwamba Jones atarudi, hadanganyi kabisa, kwani katika Sura ya Nne Jones anarudi na bunduki. Hoja ya Squealer ina nguvu kwa sababu nusu yake ni kweli. Wahakiki wanaomwita mwongo tu wanamrahisisha.

Wengine nao humfanya Orwell adui wa ujamaa. Huyu alipigana Uhispania upande wa wanamgambo wa mrengo wa kushoto, akapigwa risasi ya koo mwaka 1937. Ndoto ya Major haikejeliwi. Kinachohojiwa ni ule ukimya wa wanyama jioni ile walipoona ndoo zi tupu.

Kwa hiyo nimeacha kuwaambia wanafunzi wangu walinganishe Napoleon na Snowball. Sasa nawauliza: ni mnyama gani angeweza kuuliza maziwa yako wapi, na angeuliza kabla ya mbwa kukua au baadaye?